Nani Huikata Kamba ya Mbinguni?

Wanuer wa Sudan Kusini husimulia kwamba zamani mbingu na dunia ziliunganishwa kwa kamba. Mtu akizeeka aliipanda mpaka kwa Mungu, akarudishiwa ujana wake, kisha akashuka kuendelea na maisha. Siku moja fisi akapanda pamoja na ndege mmoja wa mashamba ya mtama. Mungu akaamuru wachungwe wasirudi duniani, maana aliijua shari yao. Usiku wakatoroka. Walipokaribia ardhi fisi akaikata kamba, na kipande kilichobaki kikavutwa juu. Tangu siku hiyo mwenye kuzeeka hufa. Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alikiandika kisasili hiki katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu dini ya Wanuer.

Majirani zao Wadinka wana kamba yao pia. Kwa masimulizi aliyoyaandika Godfrey Lienhardt mwaka 1961, mbingu ilikuwa karibu na ardhi, na watu waliruhusiwa kutwanga punje moja tu ya nafaka kwa siku. Mwanamke mmoja akazidisha. Akauinua mchi wake mrefu, ukaigonga mbingu, Mungu akajitenga na watu, na ndege mdogo akatumwa kuikata kamba. Mkenya John Mbiti, aliyekusanya imani za mamia ya jamii katika *Concepts of God in Africa* cha mwaka 1970, alionyesha kwamba habari ya kamba au ngazi iliyokatika imeenea mbali barani Afrika.

Visasili hivi viwili hunijia kila ninaposoma juu ya lifti ya angani: wazo la kuinyoosha kebo kutoka ikweta hadi nje kabisa ya dunia na kupandisha watu na mizigo bila roketi. Wazo hili lina historia ya zaidi ya miaka mia moja, lina wahandisi wake, riwaya zake, mashindano yake, na watu wanaolipenda kiasi cha kulitolea akiba na umri wao. Ninaliheshimu. Lakini nikiyaweka masimulizi ya Mto Nile karibu na maandishi ya Warusi, Wamarekani na Wajapani, naona tofauti moja ambayo haiachi kunisumbua. Wahandisi huuliza kama kamba itaubeba uzito. Wazee wetu waliuliza nani ataikata.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndio uliozitawala fikra za wengi. Satelaiti iliyo juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita 35,786 huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha, hivyo ukiitazama kutoka chini utadhani imesimama. Kutoka hapo teremsha kebo mpaka ardhini, na wakati huohuo refusha nyingine kuelekea nje ili mizani isivurugike. Sehemu ya chini huvutwa na dunia. Sehemu ya juu hutaka kutoroka kwa sababu ya mzunguko, kama ndoo ya maji ambayo mtoto huizungusha kwa kamba bila tone kumwagika. Kebo hukazika kati ya nguvu hizo mbili na kusimama wima, ikawa njia. Shida ni kwamba kebo ya unene mmoja ingepaswa kustahimili mkazo sawa na uzito wa kebo yenye urefu wa karibu kilomita 5,000 ikining'inia katika mvutano wa hapa chini tulipo. Nyuzi za Kevlar hukatika kwa uzito wake zenyewe baada ya kilomita 250 hivi, na chuma hukatika mapema zaidi. Kuinenepesha kebo katikati na kuikondesha miisho hupunguza tatizo bila kuliondoa.

Mtu wa kwanza kuliwaza jambo hili kwa hesabu hakuwaza kamba. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika mji wa Kaluga nchini Urusi, aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake utotoni, aliandika mwaka 1895 juu ya mnara unaopanda mpaka pale ambapo uzito huisha. Mnara wa Eiffel ulikuwa umekamilika Paris mwaka 1889, nao ulimtia hamasa. Alikuwa angali katika ukoo wa masimulizi ya minara, ukoo ambao msomaji wa Kiswahili anaujua kwa njia mbili. Katika Biblia watu wa Babeli wanachoma matofali wajenge mnara wa kufika mbinguni. Katika Qurani Firauni anamwamuru Hamana awashe moto juu ya udongo na kumjengea mnara, apate kumchungulia Mungu wa Musa. Masimulizi yote mawili yanautaja udongo uliochomwa, yaani kazi ya mikono, jasho la watu wengi kwa matakwa ya wachache. Mnara hujengwa kutoka chini, na kila tofali la juu huyakandamiza yaliyo chini yake. Tsiolkovsky hakuwa na kiburi cha Firauni hata kidogo. Aliwaza peke yake, kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kwamba hatakiona anachokiwaza. Hata hivyo mnara wake ulikuwa na udhaifu wa minara yote, maana hakuna kitu ambacho kingeubeba uzito huo kwa kukandamizwa.

Kilichofuata, kwa maoni yangu, ndicho kitendo kizuri kuliko vyote katika historia ya wazo hili. Tarehe 31 Julai 1960 gazeti la *Komsomolskaya Pravda* lilichapisha makala ya mhandisi wa Leningrad, Yuri Artsutanov, kuhusu kwenda angani kwa treni ya umeme. Aliugeuza mnara juu chini. Usijenge kutoka ardhini, alisema kwa hesabu zake. Anzia juu, teremsha. Kwa hatua hiyo moja uhandisi ulihama kutoka Babeli ukaja kwa Wanuer. Kitu kinachotuunganisha na mbingu hakisukumwi juu na mikono yetu, kinashushwa. Sidai kwamba Artsutanov alivijua visasili vya Nile. Ninachodai ni kwamba umbo la fikra lililokuwa limehifadhiwa katika fasihi simulizi ya wafugaji lilionekana kuwa ndilo umbo sahihi kwa hesabu, na jambo hilo linastahili kutajwa katika kila kitabu kinachoanza historia hii na Paris.

Waislamu wa pwani, ambao husoma kisa cha Miraji kila mwezi wa Rajabu, hawatashangazwa na mwelekeo huo. Katika Miraji kupanda ni mwaliko. Mtume anachukuliwa, anapokelewa mbingu baada ya mbingu, anarudi na amri ya sala kwa ajili ya umma. Naye Yakobo katika Biblia anaiona ngazi akiwa amelala, bila kupiga hata msumari mmoja. Sitaki kuchanganya imani na mitambo. Ninaona tu kwamba masimulizi ya kuteremshiwa njia hutoa heri pale yale ya kujijengea njia yanapotoa adhabu.

Magharibi hawakuisoma makala ya Artsutanov. Mwaka 1966 wataalamu wanne wa Marekani, wakiongozwa na John Isaacs, walichapisha wazo lilelile katika jarida la *Science*, na mwaka uliofuata barua kutoka Urusi ya Kisovieti ikawakumbusha nani alitangulia. Isaacs alikuwa mtaalamu wa bahari, mtu aliyezoea kushusha nyaya ndefu katika vilindi. Kisha Jerome Pearson, mhandisi wa jeshi la anga la Marekani, akalifikia tena kwa njia yake na kulichapisha mwaka 1975. Mara tatu wazo moja lilizaliwa kwa watu wasiojuana, katika nchi mbili zilizolengeana makombora. Mwaka 2010 Artsutanov na Pearson, wazee wote wawili, walihudhuria pamoja mkutano wa wapenzi wa lifti ya angani mjini Redmond, jimbo la Washington. Shirika la kimataifa la wapenzi hao, lililoundwa mwaka 2008, lilianzisha tuzo zenye majina yao.

Jamii hii ina tabia zake. Wamarekani walilivaa wazo kwa moyo wa tuzo na kampuni ndogo. Mwanafizikia Bradley Edwards, kwa fedha za utafiti za NASA, alichora mwanzoni mwa karne hii utepe wa nanotyubu za kaboni, yaani mirija midogo mno ya kaboni, wenye urefu wa kilomita 100,000, mwembamba kama karatasi, ukiwa umefungwa kwenye jukwaa baharini, na vipandio vyake, yaani magari ya kuukwea, vikipewa nguvu kwa miali ya leza. Novemba 2009 timu ya LaserMotive ilishinda dola 900,000 za NASA kwa kipandio kilichokwea kebo iliyoning'inizwa na helikopta hadi mita 900. Shindano la pili, la kutengeneza kamba yenye nguvu, lilimalizika bila mshindi hata mmoja. Michael Laine wa kampuni ya LiftPort aliwaomba watu dola 8,000 kwenye mtandao mwaka 2012. Wakampa zaidi ya 110,000. Watu walikuwa wakinunua haki ya kutumaini, na sioni aibu katika hilo.

Japani ni habari nyingine, na hapa ningependa kukaa kidogo. Mwaka 2012 kampuni ya ujenzi ya Obayashi, iliyojenga mnara wa Tokyo Skytree wenye mita 634, ilitangaza mpango wa kebo ya kilomita 96,000 ifikapo mwaka 2050, na kipandio cha watu 30 kitakachochukua kama wiki moja kufika kituo cha juu. Chuo Kikuu cha Shizuoka kilirusha Septemba 2018 vijisatelaiti viwili, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 10, vyenye kebo fupi na kigari kidogo cha kutambaa juu yake. Chama cha wapenzi wa Kijapani kimefanya mashindano ya vipandio kwenye kamba zilizoning'inizwa na maputo. Hata nanotyubu zenyewe zilipata umaarufu kwa makala ya Mjapani Sumio Iijima mwaka 1991. Nchi hiyo ina subira ya kuanza na kebo fupi.

Lakini Japani ina pia Akutagawa Ryunosuke. Hadithi yake fupi ya mwaka 1918, *Kumo no Ito*, inamhusu Kandata, jambazi aliyeko motoni. Katika uhai wake alitenda jema moja tu: alimwona buibui njiani akaacha kumkanyaga. Buddha, akitembea kando ya bwawa la yungiyungi peponi, analikumbuka jema hilo na kuuteremsha uzi wa buibui mpaka kilindini. Kandata anaukwea. Akipumzika katikati anaangalia chini na kuona wenye dhambi wasiohesabika wakimfuata kwenye uzi uleule, msururu kama wa siafu. Anapiga kelele kwamba uzi ni wake, washuke. Papo hapo uzi unakatika, juu kidogo ya mikono yake.

Usomaji wa haraka utasema ni funzo juu ya uchoyo. Mimi naona jambo la kina zaidi kwa mada yetu: uzi ule haukuwa na tatizo la nguvu. Uliwabeba maelfu kabla Kandata hajafungua mdomo. Mhandisi angeusifu. Kilichoukata ni dai la umiliki. Mwandishi wa Tokyo na msimulizi wa Kinuer, ambao hawakukutana kwa lugha wala dini, wanakubaliana kwamba kamba ya mbinguni hukatika kwa tabia ya mtu aliye juu yake. Hata mwanamke wa Kidinka na mchi wake yumo katika ukoo huu: alitaka kuliko kipimo alichopewa. Namwonea huruma zaidi kuliko Kandata, maana njaa si uchoyo, na nashuku msimulizi wa kwanza alikuwa mwanamume ambaye hakutwanga.

Kwa jicho hilo nairudia riwaya kuu ya mapokeo haya, *The Fountains of Paradise* ya Arthur C. Clarke, ya mwaka 1979. Clarke, Mwingereza aliyehamia Sri Lanka mwaka 1956, alikiita kisiwa chake Taprobane na kukisogeza kusini kilomita 800 hivi ili kigusane na ikweta. Mhandisi Vannevar Morgan anataka kuitia kebo kwenye kilele cha mlima mtakatifu. Juu ya mlima huo wako watawa wa Kibuddha walioishi hapo kwa karne nyingi, nao wanakataa. Kesi inakwenda mahakamani na wanashinda. Hapo Clarke amefika mahali pagumu na pa kweli kuliko pote katika kitabu: mahali panapofaa zaidi duniani pana wenyewe. Anafanya nini? Analeta dhoruba. Ipo hekaya kwamba vipepeo wa mfalme wa kale wakifika kileleni watawa wataondoka; upepo wa jaribio la hali ya hewa unawapeperusha vipepeo hadi juu, na watawa, kwa kuitii hekaya yao, wanakwenda zao. Ni ukurasa mzuri sana. Pia ni ukwepaji. Mgogoro wa ardhi umetatuliwa na wadudu, na mhandisi amebaki na mikono safi. Riwaya ilishinda tuzo za Hugo na Nebula, nami ningeipa tuzo pia kwa lugha yake na kwa kifo cha Morgan, lakini swali la watawa halikujibiwa.

Aliyelijibu ni Kim Stanley Robinson katika *Red Mars*, mwaka 1992. Kwake lifti imejengwa katika sayari ya Mirihi, na makampuni makubwa ya dunia yanaitumia kuwashusha watu na kuyapandisha madini. Walowezi wanapoasi, kebo inakatwa huko juu, kwenye asteroidi inayoishikilia, nayo inaanguka ikijizungusha kwenye sayari nzima na kuchoma kila kilicho chini yake. Fisi amerudi. Safari hii tunamwelewa, maana alifungiwa asishuke wala asipande kwa hiari yake. Nikakisoma upya kisasili cha Wanuer baada ya Robinson na kuona kitu nilichokipita mwanzoni: fisi alikuwa mfungwa alipoikata kamba.

Fasihi ya Kiswahili imo katika mjadala huu kupitia Katama Mkangi. Katika *Walenisi*, riwaya ya mwaka 1995, Dzombo anahukumiwa kifo kwa kusema kweli, anatiwa katika chombo cha angani ili akaangamie, naye anakimudu na kukifikisha kwenye ulimwengu wa watu walio sawa. Kwa Tsiolkovsky chombo cha kupanda ni ndoto, kwa Clarke ni fahari, kwa Obayashi ni mkandarasi na ratiba. Kwa Mkangi ni adhabu ya dola. Ni mwandishi aliyewahi kuwekwa kizuizini Kenya anayeona jambo hilo, na uhakiki wowote wa safari za anga unaomwacha nje una pengo.

Haya yote yangebaki fasihi tupu kama ikweta isingepita Kenya, Uganda na Kongo. Tarehe 3 Desemba 1976 wajumbe wa nchi za ikweta walitia saini Azimio la Bogotá, wakidai kwamba sehemu ya obiti ya kilomita 35,786 iliyo juu ya nchi zao ni mali yao ya asili. Kenya, Uganda, Kongo na Zaire zilikuwemo. Mataifa yenye roketi yalilipuuza, yakiegemea mkataba wa mwaka 1967 unaokataza nchi yoyote kumiliki anga za juu. Kisheria huenda walikuwa sahihi. Kwangu azimio hilo ni andishi la kusomwa pamoja na Clarke: ni kauli ya watawa wa mlimani, safari hii wakiwa na mihuri ya serikali, na hakuna vipepeo waliowajibu.

Ukweli ni kwamba tuliishaonja thamani ya mahali petu. Kati ya mwaka 1967 na 1988 Waitaliano walirusha roketi kutoka majukwaa ya San Marco, baharini karibu na Malindi, kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisukuma roketi bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo satelaiti ya Kimarekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru. Jina lilikuwa letu. Roketi na satelaiti hazikuwa zetu, na sayansi iliyopatikana iliandikwa kwingine.

Edwards alipochagua mahali pa utepe wake hakuchagua bara. Alichagua bahari ya Pasifiki, magharibi mwa visiwa vya Galápagos, kwa sababu nzuri za uhandisi: radi ni chache, dhoruba ni haba, ndege hazipiti sana. Ni maji yasiyo na mwenyewe. Sina shaka na nia yake. Naona tu kwamba baharini hakuna watawa, hakuna wafugaji, hakuna wa kutia saini azimio. Nanotyubu moja ndefu kuliko zote zilizoripotiwa mwaka 2013 ilikuwa na nusu mita, kwa hiyo muda wa kuzungumza upo. Ukipatikana uzi, muda huo utakwisha.

Kwa hiyo nawaomba wanasheria na wanadiplomasia wa Nairobi, Kampala na Kinshasa walitoe Azimio la Bogotá kwenye makabati na kulisoma upya, wakiacha dai la kumiliki, ambalo ni kosa la Kandata, na kushika dai la kushiriki: nani atapanda, kwa nauli gani, na nani ataketi kwenye meza ya kuamua. Na ninawaomba waandishi wa Kiswahili waiandike riwaya ya kamba hiyo, na ndani yake wampe fisi nafasi ya kusema.

Msomaji anayetaka kuanza leo aanze na Akutagawa, ambaye ni kurasa chache tu. Amfuatishe Mkangi, kisha Clarke, halafu Robinson akiwa na nafasi, kwa kuwa ni kitabu kinene.